Mtu wa Chini na Maji

Miaka sita nilikuwa mtu wa chini. Kwenye piramidi, yaani: yule anayekita miguu na kubeba wenzake wote mabegani, na watalii hawampigi picha. Tulicheza hoteli za Mombasa, kando ya bwawa la kuogelea. Kisa hatukuwa nacho. Ngoma, samasoti, pete ya moto, piramidi, kofia inapitishwa. Usiku mmoja vigae vilikuwa vimelowa. Unyayo wangu uliteleza kama vidole viwili tu, kijana wa juu kabisa akavunjika mkono. Tangu hapo maji nayaogopa kuliko moto.

Ndiyo maana nilipoona video ya “O” nilidhani hawa watu wamerukwa na akili. Cirque du Soleil ya Kanada ilizindua onyesho hilo Las Vegas mwaka 1998, na jukwaa lake ni bwawa la lita zaidi ya milioni tano. Sakafu hupandishwa na kushushwa kwa mitambo: pale msanii alipopita akilowa vifundo tu, baadaye mwenzake anajirusha kutoka juu na kuzama mzimamzima. Huko chini wapiga mbizi wanawangojea na hewa ya kupumua. Mtazamaji hawaoni. Kumbe nao wana watu wao wa chini!

Sarakasi ya zamani ilikaa ndani ya duara la mita 13 hivi, kipimo kilichomfaa farasi anayekimbia akizunguka. Katika maonyesho haya mapya farasi hayumo. Kisa ndicho kinachoamua jukwaa liweje. Luzia, la mwaka 2016, linasimulia Mexico ya ndotoni, na mvua hunyesha kweli ndani ya hema.

Ila lililonikaa moyoni ni la Circus Baobab wa Guinea. Wameliita Yé!, maji kwa Kisusu. Kisa ni kiu, na jukwaani zimetapakaa chupa tupu za plastiki. Basi. Kwangu mimi chupa hizo zinasema mengi kuliko bwawa lote la Las Vegas.

Niliwaonyesha vijana ninaowafundisha. Mmoja akauliza, “Kocha, chupa kama hizo tutazitoa wapi?” Nikamwambia achungulie mtaro ulio nyuma ya ukumbi.

Jumamosi wakaja na magunia mawili. Tumeanza na piramidi, chupa tumezisukuma pembeni kwanza. Mtu wa chini bado anataka sakafu kavu.