Vinara wa Kubana Betri: Paa la Kilimani na Pundamilia wa Laikipia

Juu ya paa la ghorofa tunayokaa hapa Kilimani, Nairobi, kuna vijisanduku saba vya plastiki, kila kimoja kwenye kifuniko cha tangi lake la maji. Ndani mna kihisi, redio ndogo na betri mbili. Kila robo saa vihisi hupima kina cha maji, kisha hupokezana habari kimoja kwa kingine mpaka zifike kwenye lango, yaani kifaa kinachozikusanya, kando ya ngazi. Katika mtaa ambao maji ya mfereji huja kwa mgao, keateka wetu, msimamizi wa jengo, huzitazama habari hizo kabla hata ya kunywa chai.

Kijisanduku cha kwanza kufa kilikuwa kile kilicho karibu zaidi na lango. Nilipokifungua, betri zilikuwa zimeota unga mweupe kwenye ncha. Nilidhani chenye safari fupi ndicho kingedumu, kumbe ndicho kilichobeba mizigo ya wenzake wote sita. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya rekodi za wanaojua kubana betri.

Rekodi ya ulafi inashikiliwa na redio. Katika hesabu inayotumiwa sana na watafiti, mitambo ya redio hula nanojuli 50 kwa kila biti, iwe inatuma au inapokea. Juu yake kuna gharama ya kusukuma mawimbi, nayo hukua kwa mraba wa umbali: mita 10 ni nanojuli 10, mita 100 ni nanojuli 1,000. Ndiyo maana kumpitishia jirani huokoa chaji. Ila majirani wakizidi, kila anayepokea naye analipa zile 50, na faida yote inaliwa njiani.

Kwa kugawana mzigo, kinara wangu ni LEACH, itifaki iliyotolewa mwaka 2000 na Wendi Heinzelman, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan wa MIT. Mtu wa chama cha kuchangiana ataielewa mara moja. Vihisi hujigawa vikundi, kila kikundi kina kiongozi anayekusanya habari, kuzifupisha na kuzituma mbali, na uongozi huzunguka kwa zamu ili asiwepo anayechakaa peke yake. Katika majaribio ya kompyuta, matumizi ya nishati yalipungua hadi mara 8 yakilinganishwa na njia za kawaida. Paa letu lilihitaji zamu, basi.

Kwa umbali, mwaka 2020 ujumbe wa redio aina ya LoRa uliotumwa kutoka kwenye puto kwa miliwati 25 tu ulinaswa kilomita 832 mbali. Hiyo inakaribia mara mbili ya Nairobi hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka. Puto lilikuwa juu sana, bila jengo la kulizuia, na Kilimani ya leo ni maghorofa matupu.

Lakini rekodi ninayoipenda kuliko zote iko Kenya. Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, waliwavisha pundamilia wa hifadhi ya Sweetwaters kola zenye GPS, redio na vipande vya sola. Mradi uliitwa ZebraNet, mmoja wa mitandao ya mwanzo kabisa ya vihisi vinavyotembea. Kola iliandika mahali ilipo kila dakika 8. Hapakuwa na mnara. Pundamilia wawili walipokaribiana, kola zao zilibadilishana kumbukumbu, na gari la watafiti lilipopita karibu na mmoja, lilichukua za wengi.

Timu hiyo, iliyoongozwa na Margaret Martonosi, ilikuwa imepima njia mbili za kupitisha kumbukumbu kwenye kompyuta mwaka 2002. Ya kwanza ni kumpa kila unayekutana naye, rahisi lakini inafuja chaji. Ya pili ni kukumbuka nani amekuwa akilikaribia gari la watafiti mara kwa mara, na kumkabidhi huyo peke yake. Hiyo ya pili naiona ya busara kuliko zote nilizozisoma, maana kola haihitaji ramani wala kiongozi. Inatosha kujua tabia za jirani. Pundamilia ambaye hajawahi kulisogelea gari la watafiti angeweza kujulikana alilala wapi juzi, kwa sababu asubuhi alikunywa maji na mwenzake asiyeogopa magari.