Ukitoa damu leo, mechi iache

SUMBAWANGA. Uniti moja ya damu, kama mililita 450, inaweza kumwokoa mama anayevuja damu akijifungua. Ila mchezaji wa Mazwi asiende kuchangia na njaa. Asubuhi apige uji wa ulezi, au ugali na maharage, na maji ya kutosha. Chipsi zenye mafuta aziache.

Akimaliza, anywe juisi, apumzike. Mechi ya jioni? Hapana, hata kama ni dabi pale Nelson Mandela. Kocha atanuna tu.

Majimaji ya damu hurudi ndani ya siku moja, mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Hapo dagaa wa Ziwa Tanganyika, maharage na mchicha wa ndimu wanaingia kikosini. Chai ikae benchi, isinywewe na chakula: inabana madini ya chuma.

Dirisha hufunguliwa tena baada ya miezi 3 kwa mwanaume, 4 kwa mwanamke.