Matairi ya Makasia na Rimu za Kwadi kwenye Matuta ya Mchanga

Mchanga mkavu haumpi dereva pa kushika. Tairi la kawaida lenye kashata ndogondogo likizungushwa kwa nguvu huchimba tu, na kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, huzama mpaka ekseli. Ndiyo hali inayowakuta waendeshaji wa Glamis, kusini mashariki mwa California, Marekani, ambako matuta ya Imperial yametanda zaidi ya kilomita 60 na mengine hufikia mita 90 kwenda juu. Kwa matuta ya namna hiyo, magurudumu ya nyuma hufungwa matairi ya makasia.

Tairi hilo kwa asili ni kipara, ila juu yake zimepangwa mbavu nene za mpira zilizolala kwa upana. Mbavu hizo ndizo makasia. Kila moja ikifika chini hukusanya mchanga, huubana, kisha huusukumia nyuma. Sehemu kipara iliyo kati yake nayo ina kazi: husambaza uzito ili tairi lielee badala ya kutitia.

Idadi ya makasia ndiyo inayowapotezea wanunuzi fedha nyingi. Wengi hudhani yakizidi na nguvu huzidi, kumbe kila kasia ni mzigo kwa injini. Kwadi ya michezo ya cc 450 kwa kawaida huenda vizuri na makasia 8 kwa kila tairi. Injini ndogo hufaa kupewa machache zaidi au mafupi, na ya cc 700 huweza kubeba 10. Injini iliyozidiwa hujulikana kwa sauti: katikati ya mpando mngurumo hushuka, dereva hupunguza gia, na bado mizunguko hairudi. Makasia yakiwa machache mno, injini hupiga kelele bila mwendo kuongezeka. Kosa la kwanza ni baya zaidi, kwa kuwa kwadi inayoishiwa nguvu kwenye mpando mkali inaweza kurudi kinyumenyume na kupinduka.

Urefu wa kasia nao huenda na injini na mchanga wenyewe. Kasia la inchi 1 huchota mwingi. La robo tatu ya inchi huipa nafuu injini ndogo. Kwenye matuta ya pwani ya Oregon, mvua huulowesha mchanga ukawa mzito na wenye kushikamana, hivyo kasia fupi linatosha huko, ilhali Glamis lingeteleza. Umbo pia ni la kuangaliwa. Makasia yaliyonyooka husukuma vizuri kwadi inapokwenda moja kwa moja, lakini huiachia iteleze kando inapokata ubavu wa tuta. Yaliyopinda hushikilia kidogo zaidi.

Kasia lililopinda lina upande wa bonde, na upande huo ndio unaochota. Tairi likishafungwa, bonde la kasia lililo juu kabisa litazame mbele ya kwadi; likizunguka na kufika chini, litatazama nyuma na kukumba mchanga inavyotakiwa. Ni jambo la kukagua kabla jeki haijashushwa, maana tairi lililogeuzwa humwaga mchanga pembeni.

Mbele mambo ni tofauti, kwa sababu kwadi nyingi za michezo husukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Matairi ya mbele huhitaji wepesi na kuitikia usukani, kwa hiyo huwa kipara yenye ubavu mmoja au michache inayolizunguka tairi zima. Ubavu huo hukata mchanga wakati wa kona.

Rimu huanza kuchaguliwa kwa namba za tairi. Tairi lililoandikwa 20x11-9 lina kimo cha inchi 20, upana wa inchi 11, nalo hukaa kwenye rimu ya inchi 9 tu, si 10. Idadi ya tundu za nati na nafasi kati yake lazima zilingane na habu. Kisha huja mkao wa rimu: ya mbele yenye upana wa inchi 5 inaweza kuwa 4+1, yaani inchi 4 ndani na 1 nje, au 3+2. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kila gurudumu husogea nje inchi 1. Kwadi hutulia zaidi kwenye miteremko ya ubavu, ila beringi hulemewa zaidi. Alumini hupendelewa kuliko chuma kwa sababu ya wepesi: uzito wa gurudumu ni uzito ambao injini hulazimika kuuzungusha kila mara, na kwenye mchanga kila kilo huhisiwa.

Upepo huwekwa kidogo, mara nyingi psi 4 hadi 8, ili tairi litanuke na kuelea. Geji ya gari haifai hapo. Inahitajika ya shinikizo dogo, na upimaji ufanywe asubuhi kabla jua na mwendo havijapandisha upepo. Ukipungua mno, tairi laweza kuchomoka kwenye rimu wakati wa kona, ndiyo maana wakimbiaji hutumia rimu zenye pete ya nje inayobana ukingo wa tairi kwa bolti.

Kwenye ardhi ngumu makasia hutikisa kwadi, huisha haraka na hata kunyofoka. Afadhali kuwa na seti mbili kamili, kila moja na rimu zake, kubadilisha kuwe ni kufungua nati tu.