Tuijue Kompyuta, Sehemu ya Tano: Usiitupe Kabla Hujaiongezea RAM

Mwanzoni mwa Desemba 2025, kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuwa inafunga biashara yake ya Crucial, ile iliyowauzia watu wa kawaida vipande vya RAM kwa miaka 29. Sababu haikufichwa. Vituo vya data vya akili mnemba vinameza kumbukumbu kwa wingi ambao haujapata kuonekana, vinalipa vizuri, na kampuni imeona heri ivihudumie hivyo. Bei za RAM zilikuwa zimekwisha kuanza kupaa. Kabla ya hapo, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifikisha ukingoni huduma ya kawaida ya Windows 10. Mambo hayo mawili yamewakuta wenye kompyuta za mwaka 2012 na 2013, ambazo zimejaa majumbani na maofisini mwetu, na ushauri wanaopewa kila upande ni uleule: imezeeka, tupa, nunua mpya.

Nimeupinga ushauri huo kwa miaka mingi na leo naupinga kwa maandishi. Nyingi ya kompyuta zinazoitwa kuukuu bado zina nguvu. Zimepungukiwa na kumbukumbu tu.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua tofauti ya RAM na diski, kwa hiyo sitairudia. Kinachohitaji kuelezwa leo ni hiki: RAM ikijaa, kompyuta haisimami. Inazichukua kurasa za data ambazo hazitumiki kwa wakati huo, inazihamishia kwenye diski, kisha inazirudisha zinapohitajika. RAM hujibu kwa makumi ya nanosekunde. Diski ya kuzunguka hujibu kwa milisekunde kadhaa, yaani polepole kwa takriban mara laki moja. Ile taa ya diski inayopepesa bila kukoma wakati umefungua kivinjari na barua moja ya kuandika ndiyo dalili yake. Prosesa haina kosa lolote, imekaa inasubiri.

Ujanja huo wa kuhamisha kurasa ulizaliwa Manchester, Uingereza. Naomba msomaji avumilie niende naye huko, kwa maana asiyejua kumbukumbu ilivyopatikana kwa taabu hawezi kuithamini.

Tarehe 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, mashine iliyopewa jina la utani la Baby iliendesha programu ya kwanza duniani kuhifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ya kielektroniki. Walioijenga ni Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill, na shabaha yao kuu ilikuwa kuijaribu kumbukumbu yenyewe. Walitumia bomba la kioo la aina iliyokuja kuenea kwenye televisheni, wakapanga juu ya uso wake nukta za chaji ya umeme: mistari 32, kila mstari nukta 32. Jumla biti 1,024, ambazo ni baiti 128. Aya hii unayoisoma isingeenea humo. Hata hivyo programu yao ilifanya kazi dakika 52 na kutoa jibu sahihi, 131,072, ambacho ni kigawo kikubwa kuliko vyote cha 262,144 ukiiacha namba yenyewe. Chaji ya nukta zile ilififia mara moja, kwa hiyo mashine ilibidi izisome na kuziandika upya bila kupumzika. Jambo hilo la kuandika upya tutakutana nalo tena.

Kilburn hakuishia hapo. Mwaka 1962 timu yake, ikishirikiana na kampuni ya Ferranti, ilizindua kompyuta iitwayo Atlas. Kumbukumbu ya haraka ilikuwa ghali mno, ngoma ya sumaku ilikuwa rahisi lakini ya polepole, na waandishi wa programu walipoteza siku nyingi kuhamisha data kwa mkono kati ya hizo mbili. Atlas ikaigawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512 na kuzihamisha yenyewe, mwandishi wa programu asijue kinachotendeka. Kila unapoisikia diski yako ikikoroma kwa sababu RAM imejaa, unasikia kazi ya Kilburn. Ulikuwa ujanja wa kuvukia dhiki. Sisi tumeufanya maisha ya kila siku, tukaacha kujiuliza kwa nini tuna dhiki.

Huko Marekani, Jay Forrester wa MIT alikuwa ameshika njia nyingine. Mwaka 1953 kompyuta yake, Whirlwind, ilianza kutumia vipete vidogo vya sumaku, kila kipete biti moja, vimetungwa kwenye nyaya kama shanga. An Wang, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa Harvard, naye alikuwa na hataza juu ya vipete hivyo, na mwaka 1956 aliiuzia IBM kwa dola 500,000. Vipete vilitawala hadi miaka ya 1970. Vingi vilitungwa kwa mikono, na mikono hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake, ambao majina yao hayamo katika vitabu vinavyowataja Forrester na Wang. Hilo ni deni la historia.

Mikono hiyo ndiyo iliyowafikisha watu mwezini. Programu za kompyuta ya Apollo zilifumwa, kwa maana halisi ya kufuma, na wanawake wa kiwanda cha Raytheon mjini Waltham, Massachusetts: waya ukipita ndani ya kipete ni moja, ukipita nje ni sifuri. Mbali na kumbukumbu hiyo isiyofutika, kompyuta ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayofutika, karibu kilobaiti 4. Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa wanashuka, ilitoa onyo namba 1202. Rada moja ilikuwa ikiitwisha kazi isiyohitajika, shughuli zikarundikana, nafasi za kumbukumbu za kuziandikia zikaisha. Dhiki ileile ya kompyuta yako, ila pale roho za watu wawili zilikuwa hatarini. Programu, iliyoandikwa MIT na timu ya akina Margaret Hamilton, ilijianzisha upya papo hapo, ikaziacha shughuli za pembeni na kuzishika zile za kutua tu. Wakatua. Kilobaiti 4 zilitosha, kwa sababu walioandika walijua thamani ya kila neno moja la kumbukumbu.

Kumbukumbu tuliyo nayo leo ndani ya kompyuta zetu ilibuniwa na Robert Dennard wa IBM, aliyefariki mwaka 2024. Wazo alilipata mwaka 1966, hataza akaipata mwaka 1968: biti moja, transista moja na kapasita moja. Kapasita hiyo ni kama mtungi unaovuja. Usipoujaza mara kwa mara utaukuta mkavu. Ndiyo maana RAM ya kawaida huandikwa upya yote kila baada ya milisekunde 64, na umeme ukikatika kila kitu kinapotea. Ni kazi ileile ya nukta za Manchester. Mwaka 1970 Intel ilitoa chipu iitwayo 1103, yenye biti 1,024, sawasawa na kumbukumbu nzima ya Baby. Kipande kimoja cha leo cha gigabaiti 8 ni sawa na kumbukumbu za Baby 67,108,864.

Na bado hazitutoshi! Windows 95 ilidai angalau megabaiti 4. Windows 11 inadai gigabaiti 4, mara 1,024 zaidi, nayo kwa kiasi hicho hukokota miguu. Barua ya maombi ya kazi haijawa ndefu mara elfu moja tangu 1995. Watengenezaji wa programu walizoea kuletewa kumbukumbu ya bei nafuu kila mwaka, wakaacha kubana matumizi, na gharama ya uzembe wao analipa mwalimu wa shule ya msingi anayeambiwa laptopu yake haifai tena. Huo si uungwana, wala hauwi maendeleo kwa kuitwa hivyo.

Bei nazo zina historia yake. Julai 1993 kiwanda cha Sumitomo Chemical kililipuka mjini Niihama, Japani. Kilikuwa kikitoa sehemu kubwa ya gundi ngumu inayofunikia chipu, na bei ya kumbukumbu ikaruka dunia nzima kabla ya kushuka tena. Septemba 2013 ukaja moto katika kiwanda cha Hynix kule Wuxi, China, na mambo yakawa yaleyale. Safari hii chanzo ni uchu wa vituo vya data, lakini muuzaji anayekuharakisha ununue leo kwa bei yoyote anatumia hofu iliyotumika zamani.

Sasa vitendo, kwa ufupi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, kisha tazama kumbukumbu: utaona ni kiasi gani, na matundu mangapi yametumika. Mfano ninaoupenda ni ThinkPad X230 ya mwaka 2012. Ina matundu mawili ya DDR3 na inapokea hadi gigabaiti 16. Bisibisi moja inatosha kufungua mfuniko wa chini. DDR3 na DDR4 haziingiliani, mkato wake uko mahali tofauti, kwa hiyo kipande kikigoma usikilazimishe. Angalia pia volti: DDR3 ni 1.5, DDR3L ni 1.35, na zipo laptopu zilizotoka baada ya 2013 zinazokubali DDR3L peke yake. Zima, chomoa chaji na betri, gusa chuma kuondoa umeme wa mwilini, ingiza kipande kwa mshazari kisha kibonyeze hadi vishikizo vya pembeni vilie. Kama Windows yako ni ya biti 32, gigabaiti 4 ndio mwisho wake hata ukijaza zaidi. Na RAM haitaifanya mashine ya 2012 ikubaliwe na Windows 11, ambayo inadai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0; hapo weka Linux Mint, ambayo ni ya bure.

Wapo wasio na bahati. Tangu MacBook Air ya 2008, makampuni yamezidi kuichomelea RAM kwenye ubao mkuu, ili laptopu iwe nyembamba, na mnunuzi akabaki na kiasi alichouziwa siku ya kwanza hadi mwisho. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sheria ingepaswa kumkataza mtengenezaji kufunga kile ambacho mwenye mali anaweza kukiongeza mwenyewe.

Kwa mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue, Nairobi, nina ombi moja. Vipande vya DDR3 mnavyovitoa kwenye mashine zilizokufa msiviuze kama chuma chakavu. Vipimeni kwa programu ya bure iitwayo MemTest86+, mviandike ukubwa na volti, mviuze kwa bei ya haki. Sehemu ya sita itahusu kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD. Wenye maswali juu ya RAM wayatume kabla ya hapo, wakitaja aina na mwaka wa kompyuta zao.