Heliamu ya Balangida na bei ya hisa London

Chini ya Mlima Hanang, pembezoni mwa Ziwa Balangida, hakuna kiwanda cha chipu za kompyuta wala hakitarajiwi. Hata hivyo, Desemba 2020 eneo hilo liliingia katika hesabu za wawekezaji wa London. Kampuni ya Helium One iliorodheshwa katika soko la hisa la AIM ikiwa na leseni za kutafuta gesi Rukwa, Balangida na Eyasi, bonde lililo jirani na Mbulu.

Silikoni ya chipu inapochongwa kiwandani hupata joto kali. Heliamu hupitishwa mgongoni mwa kisahani chake ili joto liondoke haraka, na kwa kuwa gesi hii haichanganyiki kikemia na kitu, haiharibu kazi. Umuhimu wa gesi hii ulionekana Qatar ilipotengwa na majirani zake mwaka 2017: mitambo ya heliamu ya nchi hiyo ilisimama kwa muda na wanunuzi wakahaha.

Kwetu heliamu huzaliwa katika miamba ya kale yenye urani na thori. Joto la Bonde la Ufa huifungua, naitrojeni ikaibeba hadi kwenye chemchemi. Mwekezaji akiona mapovu hushangilia. Mhandisi huuliza kama kuna tabaka la mwamba lililoziba vizuri, maana chembe za heliamu ni ndogo mno na hupenya kirahisi.

Mwaka 2021 kisima cha Tai-1, Rukwa, kilionyesha dalili za heliamu, lakini gesi haikutoka hadi juu. Hisa zikaporomoka. Mapema 2024 Itumbula West-1, hukohuko Rukwa, kikatoa gesi yenye heliamu karibu 5%, bei ikapaa. Kwa maoni yangu, mara zote mbili wawekezaji walipitiliza: kampuni ilikuwa bado haijauza hata mtungi mmoja. Tena kila uchorongaji hugharimiwa kwa kutoa hisa mpya, hivyo fungu la mwenye hisa wa zamani hupungua hata habari zikiwa njema. Hilo wengi hawalitazami.

Asilimia ya heliamu peke yake nayo haitoshi. Gesi ya Itumbula hutoka na maji mengi, na kiwanda cha chipu hutaka usafi wa 99.999% au zaidi. Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Katesh au Dongobesh, siku ukishawishiwa kununua hisa za aina hii, omba kwanza ripoti ya majaribio ya kisima: gesi kiasi gani kwa siku, maji kiasi gani, na ilitoka kwa muda gani bila kupungua.