Kununua Ndege ya Turbo Iliyokwisha Kutumika
Sehemu ya Tatu: Tabia za Injini

Baada ya kumaliza habari za hati na za bodi katika sehemu mbili zilizopita, sasa tumefika penye injini, nayo ndiyo imlayo mnunuzi fedha kuliko kitu kingine chochote. Tuchukue mfano wa Cessna 210 yenye turbo inayouzwa katika kiwanja cha Wilson, Nairobi, kwa kuwa hapo faida ya turbo huonekana bayana. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini ya kawaida huwa imekwisha kupungukiwa nguvu kabla magurudumu hayajaondoka ardhini. Ilhali injini ya turbo, kwa ufundi ambao Mswisi Alfred Büchi aliupatia hataza mwaka 1905, hutumia moshi wake yenyewe kuzungusha gurudumu dogo lenye kushindilia hewa ndani ya silinda, ikapaa Nairobi kana kwamba imo Mombasa.

Aghalabu wanunuzi wa ndege hizi huziogopa tabia ambazo ni maumbile ya mtambo, wakazipuuza dalili zenye kufilisi, hata kuua. Na muuzaji mjanja naye huitumia hali hiyo, kila kasoro akaijibu kwa neno moja, kwamba turbo zote ndivyo zilivyo. Neno hilo mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni hadaa, na ni wajibu wa mnunuzi kuzipambanua.

Sharti ufike alfajiri, injini ikiwa baridi, nawe uiguse kwa mkono ili uwe na yakini kuwa haijawashwa. Kabla ya kuiwasha itazame geji ya shinikizo la hewa iingiayo kwenye injini: hapo Wilson, injini ikiwa imezimwa, yapasa kusoma takriban inchi 24 na nusu za zebaki, na ikisoma vinginevyo, basi geji hiyo haisemi kweli, na lolote itakalolisema baadaye angani usilisadiki. Ikiwashwa ikatoa moshi wa buluu kwa kitambo kidogo kisha ukakatika, yamkini ni mafuta yaliyopenya kwenye turbo usiku kwa sababu ya valvu ndogo isiyofunga barabara. Lakini moshi usiokatika hata injini ikisha kupata moto ni habari ya beringi na sili za turbo yenyewe, au ya ringi za pistoni.

Katika kuruka, ikiwa mafuta ya injini hayajapata moto wa kutosha, shinikizo la hewa iingiayo huweza kuupita mstari mwekundu kidogo, kwa sababu mlango wa kupunguzia moshi unaokwenda kwenye turbo huendeshwa kwa mafuta hayo hayo, nayo yakiwa mazito huchelewa kutii. Hilo ni onyo kwa rubani mwenye pupa, wala si ila ya injini.

Jambo kubwa liko juu, na hapa sikubali mkato. Ndege ipandishwe, kwa oksijeni na kwa idhini ya waongozaji, hadi mlango ule ufungwe kabisa na moshi wote upite kwenye turbo. Kuanzia hapo shinikizo halitulii: ukipunguza mwendo hushuka, ukiongeza mizunguko ya rafadha hupanda, na mnunuzi asiyejua hudhani injini inakata roho. Haikati roho, ndiyo tabia yake. La kuuliza ni kwamba yumbayumba hilo limeanzia wapi. Ikiwa kitabu cha ndege kinasema nguvu kamili hudumu hadi futi 17,000, nayo imeanza kupwaya kwenye 12,000, basi kuna mahali hewa au moshi unavuja, au mlango haufungi, au turbo imechakaa. Na hayo yote yangefichika kabisa kama ungeridhika kuzunguka juu ya kiwanja.

Mkirudi chini fundi afungue kifuniko, nawe uchungulie maungio ya mabomba ya moshi kwa tochi. Mchirizi wa unga wa kijivu au wa rangi ya kutu, japo mwembamba kama uzi, maana yake ni moshi wa moto mkali unaotoroka karibu na mipira ya petroli. Klampu inayoshika bomba la moshi penye turbo imekwisha kusababisha ajali za moto na vifo, hata mwaka 2023 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaamuru klampu za aina moja, zilizoungwa kwa vidoto vya welding, zisitumike kupita saa 500. Uliza saa za klampu hiyo kabla ya kuuliza saa za injini.

Kisha silinda zipimwe kompresheni, na valvu za moshi zitazamwe kwa kamera ndogo ipitayo tundu la plagi: valvu yenye afya ina rangi zilizoizunguka sawasawa, bali inayoungua rangi zake huegemea ukingo mmoja, mara nyingi penye ukijanikijani. Mwisho filta ya mafuta ikatwe mbele yako na karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga, kutafuta chembe za chuma. Na muuzaji akikataa isikatwe, mimi singetoa hata amana.