Mnara wa Siloamu na shimo letu

Kwenye matanga ya mchimbaji, sanduku linakuwa halijafika bado, lakini swali limeshafika: alifanya nini? Tumelisikia Katuba, tumelisikia Ruashi na, tusidanganye, sisi wenyewe tumelinong'ona. « Ule alikuwa na zambi, njo maana udongo ulimukamata. » Wengine wanataja uchawi, wengine pesa aliyokula peke yake. Mjane anasikia yote, kichwa chini.

Tarehe 27 Juni 2019 udongo ulianguka kwenye mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi. Wachimbaji wasiopungua 43 walikufa. Je, walikuwa wabaya kuliko sisi tuliokuwa nyumbani siku ile? Katika Luka 13, Yesu anataja kitu kama hiki: mnara wa Siloamu, kule Yerusalemu, uliangukia watu 18 ukawaua. Anauliza kama walikuwa na kosa kupita watu wote wa mji, kiisha anajibu mwenyewe: hapana. Kweli, anaongeza kwamba watu watubu. Lakini hilo anawaambia wazima waliosimama wakimsikiliza. Maiti hakuzihukumu.

Sisi watu wa shaba tungekijua vizuri kitabu cha Ayubu. Sura ya 28 inaeleza watu wanaoning'inia shimoni, mbali na njia za wengine, wanapeleka mwanga gizani. Inaeleza na jiwe linaloyeyushwa likatoa shaba. Aliyeandika vile alikuwa ameongea na mtu wa shimo, tunaona. Ayubu huyo amepoteza watoto 10. Rafiki zake watatu wanakuja, wanakaa naye chini siku saba, hakuna anayesema neno. Mpaka hapo ni watu wa matanga kabisa! Ubaya unaanza wanapofungua kinywa: eti, tafuta kosa lako. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao watatu.

Kunabaki mzigo wa yule aliyepona. « Ile siku ilikuwa zamu yangu, nilimuombaka ndugu ashuke. » Hapa twende polepole. Kumuomba mwenzako akushikie zamu si kuua, na tumwambie hivyo mara nyingi, maana mara moja hasikii. Lakini kuna kosa ambalo ni kosa kweli: mkubwa wa shimo aliyeona ufa na akasema shukeni tu. Huyo asije kwa mjane na wimbo mdomoni. Zakayo, Luka 19, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Uhai haurudishwi, tunajua; pesa ya masomo ya yatima inaweza kutoka kila mwezi.

Na uchovu? Eliya, katika Wafalme wa Kwanza 19, alilala chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi kumgusa mara ya pili ili ale. Tunawajua mama ambao tangu mazishi hawajalala usiku mzima, na kila jioni wageni wanawaletea sala ya saa mbili. Kesho mmoja wetu apeleke bukari na lengalenga, mwingine achukue watoto mpaka magaribi. Mama alale. Akiamka, akute chakula kimefunikwa.